Fundi wa Seva Thelathini na Sita

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa nyumba hii. Ndugu wamemwomba asome kwa upole. Atajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, saa tisa alasiri, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake, ambaye ametangulia mbele ya haki, alikuwa fundi saa. Mama yake ni mkunga mstaafu, na yuko hapa nasi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1985, akamaliza sekondari 1996, na mwaka 2002 akapata stashahada ya kompyuta. Mama hupenda kusimulia siku binti yake alipofungua saa ya ukutani ya mteja, akiwa na miaka tisa. Baba akafoka, "Nani kaigusa hii?" Wengine wote tukatazama chini. Yeye akasema, "Mimi, baba. Nimeshaifunga." "Na hii skrubu iliyobaki mezani?" "Ndiyo maana sijakimbia, nakusubiri wewe." Baba alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa: akikosea, wa kwanza kusema ni yeye mwenyewe.

Tarehe 18 Desemba 2004, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi seremala, bwana mpole ambaye mnamwona pale mbele. Siku hiyo, gari likiwa limeshawashwa, bibi harusi alishuka na gauni lake jeupe, akazunguka nyuma ya nyumba kuangalia kama komeo la jikoni limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Shemeji akasema, "Kumbe nimejipatia mke na mlinzi kwa mpigo!" Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Tuje kwenye kazi. Ijumaa iliyopita ofisa utumishi wa kampuni ya bima alipiga simu, akaomba aya hii iwe fupi: "Andikeni tu kwamba alihudumu kwa uaminifu miaka ishirini na moja." Tungekubali, kama wangemwandikia yeye hilo neno uaminifu akiwa hai.

Aliajiriwa mwaka 2003 kama karani wa kuingiza taarifa, na mwaka 2009 akahamishiwa chumba cha seva. Seva ni zile kompyuta kubwa zinazofanya kazi saa zote, zimepangwa kwenye makabati ya chuma. Chumba chenyewe baridi kama jokofu, mafeni yananguruma. Marehemu alishinda humo na sweta la kijivu, akirudi nyumbani anaongea kwa kelele. Tulikuwa tukimwambia, "Dada, shusha sauti, hapa hakuna feni!" Kazini walimwita Mama Hakikisha. Wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli.

Programu za kampuni ziliandikwa kwa lugha moja ya kompyuta. Mara kwa mara waliotengeneza lugha hiyo hugundua ina tundu linaloweza kupitisha mwizi. Hulitangaza, na siku hiyo hiyo hutoa kiraka cha kuliziba. Tatizo ni kwamba tangazo hilo mwizi naye analisoma.

Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, lilitangazwa tundu kubwa. Kufikia saa saba mchana marehemu alikuwa ameweka kiraka kwenye seva zote thelathini na sita. Ilibaki kuzizima na kuziwasha upya, dakika ishirini tu, kwa sababu programu iliyokwisha kuwashwa huendelea na mambo ya zamani mpaka izimwe. Usipozima, umenunua kitasa kipya ukakiacha mezani. Na kuzima kulihitaji sahihi ya mkuu wa idara.

"Leo?" mkuu alimwambia. "Bodi nzima iko ghorofani, mama. Mfumo ukizimika, uso wangu nitauweka wapi?"

"Basi kesho alfajiri, bosi, kabla watu hawajaingia."

"Tutaona."

Akapigwa danadana wiki tatu. Alipeleka fomu nne, zote zikarudi na neno moja la kalamu nyekundu: Subiri. Halafu katika ripoti ya mwisho wa mwezi, mkuu huyo huyo akaandika kwamba viraka vimewekwa na kazi imekamilika.

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba, wezi wakapita kwenye tundu lile lile, wakabeba majina, anwani na maradhi ya wateja. Kamati ya uchunguzi ikasoma ripoti: viraka vimewekwa, kazi imekamilika. Basi, wakasema, hapo mwizi hawezi kupita, lazima kuna mtu wa ndani aliyemfungulia. Na funguo za seva alikuwa nazo nani? Jumba bovu likamwangukia dada wa watu.

Alisimama mbele yao akasema, "Tazameni tu seva ziliwashwa lini mara ya mwisho. Zenyewe zinajiandikia. Ni sekunde mbili." Mwenyekiti akamjibu, "Hatukukuita kutufundisha kazi." Mkuu wake alikuwa ameketi palepale, akiangalia simu yake.

Akafukuzwa tarehe 21 Oktoba. Mlinzi aliyekunywa naye chai kila asubuhi alimpekua mkoba huku macho yamemjaa machozi: "Nisamehe mama, nimeagizwa." Mtaani wakanong'ona kwamba amewauzia wezi siri za wagonjwa. Binti yake akaulizwa shuleni kama viatu vyake vipya vilitokana na hela hizo. Marehemu akaacha kwenda dukani. Akaacha hata kutubishia, na huyo hakuwa mtu wa kuacha kubisha.

Shinikizo la damu alikuwa nalo tangu ujauzito wa pili, na vidonge alikuwa akimeza bila kukosa. Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, alianguka jikoni kwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na kauli ikaondoka. Alilazwa siku kumi. Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Juzi jioni mfanyakazi mwenzake alikuja msibani na karatasi aliyoikunja mara nne. Aliichapa asubuhi ile ya wizi, kabla seva hazijaguswa. Mistari thelathini na sita, mmoja kwa kila seva, na yote inasema kitu kimoja: haijazimwa tangu tarehe 2 Machi, siku mia mbili na kumi na sita. Tukamuuliza, "Kwa nini hukuitoa?" Akasema, "Niliogopa kibarua changu kisiote nyasi. Nina watoto." Tulimpa kiti na chai. Kumsamehe bado.

Karatasi hiyo imechapwa ukurasa wa nyuma wa ratiba ya mazishi mliyoishika. Mkuu wa idara yupo, safu ya pili, amekuja na shada la maua. Tunamshukuru kwa kufika, na tunamwomba aisome mpaka mstari wa mwisho.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, kaka wawili, dada mmoja na mdogo wake huyu. Ameacha pia mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Tangu Oktoba mama ameulizwa jambo moja na kila jirani. Jana kabla ya kulala alinishika mkono akaniuliza mimi.

Mama, mwanao hakuiba. Mwache sasa apumzike.