Mbuzi Aliyepigwa Msumari

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, wanafunzi mliokuja kwa ajili ya soda, na wewe dada yangu wa safu ya tatu, binti wa Mama Kijiko: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja asinune.

Mimi ndiye mtunza nyaraka wa chuo hiki. Nimeombwa nifungue chumba kipya cha nyaraka, tena nimeombwa nisizungumzie habari za mbuzi. La kwanza nitalitimiza.

Nani asiyemjua mbuzi wetu? Yuko kwenye nembo, yuko kwenye fulana mlizovaa, yuko hata kwenye wimbo wa chuo, pale penye sauti ya juu inayotushinda wote. Alitokana na mstari mmoja ulioandikwa katika daftari la chuo mwaka kilipojengwa: "Mbuzi, mmoja. Mguu umelegea. Upigwe msumari." Profesa wetu wa historia, ambaye nampenda na anajua nampenda, aliusoma mstari huo akaandika sura nzima kuhusu ukatili wa waasisi kwa mifugo. Daktari wa wanyama akaalikwa kutoa mhadhara. Watu walilia, jamani.

Sasa tulipokuwa tunahamishia masanduku huku, moja likapasuka kitako, ikadondoka mbuzi. Si yule wa kulia mee. Ni mbuzi ya kukunia nazi, kigoda chenye meno ya chuma mbele na msumari mguuni. Nikamwita Profesa. Akaitazama, akaizunguka, akakohoa.

"Basi," akasema, "huenda yule mbuzi alikuwa na mbuzi yake."

"Profesa," nikamwambia, "kubali yaishe."

Chini ya kigoda pamechongwa kwa kisu: "Ya Mama Kijiko. Ukiazima, rudisha."

Mama Kijiko ni nani? Mafundi waliojenga madarasa ya kwanza tunawajua, wana picha ukutani. Waliotoa ardhi tunawajua, wana barabara. Lakini mafundi hao walitoka vijiji vyote vya upande huu na matumbo yao, nani aliwalisha? Binti yake ametusimulia: mama huyu aliwapikia tangu msingi mpaka paa. Katika rafu zangu zote hayumo. Chombo chake kimo, nacho tumekigeuza mnyama. Limeniuma hilo, sifichi.

Mheshimiwa Mkuu, nyuma yangu kuna kabati la kioo, zuri, na taa yake. Ulitaka nikiweke kigoda humo leo. Binti alikuja ofisini kwako kukiomba, akajibiwa kwamba ni mali ya chuo. Mali ya chuo? Mwenye mali ameandika mwenyewe, tena kwa kisu. Sisi tunaowakimbiza wanafunzi kwa kitabu kilichochelewa wiki moja, hiki tumekikalia tangu lini?

Dada, njoo uchukue mbuzi ya mama. Usiogope, Mkuu anatabasamu. Ile ndiyo sura yake ya kutabasamu. Nami naona nazi mbili zinachungulia kwenye mkoba wako, kumbe ulikuja na imani.

Kabati nalo halitabaki tupu. Nitaweka kadi moja ndani: "Mbuzi ya Mama Kijiko. Tuliazima. Tumerudisha."

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Na yule wa kwenye fulana mwacheni apumzike, mguu bado unamuuma.