Kibanio cha Arvil Slone

Baada ya miaka arobaini na mitatu ya kuimba na kupiga gitaa katika Kundi la Bonde la Laurel, Bwana Arvil Slone anastaafu leo, Jumamosi tarehe 2 Juni 2007, katika ukumbi huuhuu wa zimamoto alikoanzia. Mimi, Lorene wa fidla, nimetwishwa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu Estill wa banjo anadai angelowesha karatasi kwa machozi. Mwongo huyo, ni uvivu tu.

Arvil aliingia mgodi wa makaa ya mawe angali kijana, na kila Jumamosi alitoka shimoni akaja moja kwa moja kwenye maikrofoni. Vumbi la makaa halitoki kwenye kope hata kwa sabuni. Mama mmoja mgeni kutoka mjini aliwahi kuuliza kulikoni mwanamume mzima apake wanja. Orpha, mkewe, akamjibu kutoka kiti chake cha mbele: "Mama, wanja huo anapakwa na kampuni, tena bure, kila siku!" Watu wakavunjika mbavu.

Na sauti je? Ilikuwa ya juu, kali, ya mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya bonde. Wimbo aliomtungia Orpha wakati wa uchumba aliuimba kibanio, kile kichuma cha kubana nyuzi, kikiwa pingili ya nne ya shingo ya gitaa. Kwa asiyejua muziki: kibanio kikipanda, mwimbaji naye hana budi kupanda. Wengi walijaribu kumfuata kule wakakwama. Tena hakuna familia ya bonde hili ambayo Arvil hakuiimbia msibani, na hakupokea zaidi ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi.

Kisha vumbi likamwingia mapafuni. Pumzi ikawa inamkatikia katikati ya mstari. Hapo Estill akaja na lake: "Arvil, ndugu yangu, vidole vyangu vimezeeka. Tushushe kidogo." Kibanio kikashuka pingili moja. Mwaka mwingine vidole vikazeeka tena, kikashuka tena, mpaka shingo ya gitaa ikabaki tupu. Na vidole hivyo ndivyo vinavyofungua chupa zote za achari zilizowashinda majirani! Arvil alijua, akashusha tu. Orpha naye alijua. Siku moja alimshika Estill mkono pale mlangoni: "Asante kwa uongo wako, shemeji. Lakini mimi nikifa, aniimbie wimbo wetu palepale juu."

Orpha alituacha Februari. Pale kaburini Arvil alifika mstari wa pili wa wimbo wao, kikohozi kikamshika, tukamkalisha. Mtu aliyewasindikiza wafu wa watu wote kwa wimbo, wa kwake hakuweza. Inauma, jamani, inauma mpaka leo. "Nimemwangusha, Lorene," aliniambia. Gitaa akaliweka chini ya kitanda.

Jumapili iliyopita, siku yetu ya kupamba makaburi, alituomba tumpandishe kilimani. Estill akamleta kwa trekta, gitaa mapajani. Arvil akatoa kibanio mfukoni, akakibana pingili ya nne. Tukatazamana.

Estill akaanza: "Arvil, vidole vyangu..."

"Vidole vyako ni vizima tangu zamani, mwongo wewe. Piga."

Tukapiga. Ilipofika zamu ya kuimba, Arvil akafungua mdomo, isitoke sauti. Lakini midomo ikatamka kila neno, ubeti kwa ubeti, na uso wake umeelekea jiwe la Orpha. Kazi ya fidla ni kujaza mapengo; nikaishusha begani. Hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyekohoa. Wimbo ulipokwisha, akapapasa lile jiwe. "Haya, Orpha," akasema kwa pumzi iliyobaki. "Palepale juu."

Leo hataimba. Atakaa kiti cha mbele, kile cha mkewe, na keki ya tufaha apewe yeye kwanza. Arvil, asante kwa kila msiba uliotubebea. Tunakuombea usingizi usiokatizwa na kikohozi, na pumzi ya kukutosha kila kukicha. Wimbo wa Orpha tutaupiga usiku wa leo kama ulivyokuwa, na pa sauti yako tutapaacha wazi. Kibanio kitakaa pingili ya nne. Estill anasema vidole vyake vimepona.