Mwalimu Koki na Mtoto Aliyesimama

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto, asikilize. Leo tunamkumbuka Mwalimu Koki Ndambuki wa Makadara, aliyezikwa Alhamisi. Alifundisha darasa la saba miaka ishirini na mmoja. Miaka ishirini na mmoja, darasa lilelile.

Mwalimu Koki hakungoja kipindi cha dini ndipo amtaje Mungu. Kwenye sayansi aliotesha maharagwe mkebeni, akauliza, "Nani aliyeuambia mzizi ushuke?" Kwenye hesabu za kilo aliazima mizani ya Mzee Faki, mwenye duka. Akawaonyesha watoto jinsi jiwe la mizani lililokwanguliwa linavyomwibia mama unga. "Anayedanganya hapa," alisema, "amemdanganya Mungu."

Mzee Faki alicheka. "Mwalimu, hata sisi Waislamu twafundishwa hivyo. Ila usiseme jiwe hilo limetoka kwangu!"

Sasa sikieni. Mwaka 1979 darasani mwake mlikuwa na msichana aliyeandikishwa kwa jina la Mbeti. Hakuwa Mbeti. Alikuwa Nthambi. Alikuwa ameanguka mtihani mwaka uliotangulia, katika shule nyingine, na shule hazikukubali warudiaji. Mama yake, muuza mboga wa Kariobangi, akafanya walivyofanya wazazi wengi mitaani: akampa jina la binamu yake. Mwalimu Koki hakujua.

Siku moja, baada ya somo la mizani, mwalimu mkuu aliingia na fomu za mtihani. Akaita, "Mbeti!" Mtoto akasimama.

"Mimi si Mbeti, Mwalimu. Mimi ni Nthambi. Nilianguka mwaka jana."

Na Mwalimu Koki, yule yule wa mizani, akamkemea kwa sauti ndogo: "Keti, mtoto. Keti!"

Alikuwa amechelewa. Mwalimu mkuu alilikata jina kwenye fomu pale pale.

Koki alimwendea mwalimu mkuu mara tatu. "Sheria ni sheria, Koki," aliambiwa, "na Mungu wako hakuiandika." Alizunguka shule nne kwa miguu kumtafutia mtoto nafasi. Zote zilikataa. Ndipo mama Nthambi alipomfuata mlangoni.

"Mimi nilimvisha jina. Wewe ukamvua. Haya, Mwalimu, sasa atavaa nini?"

 

Nthambi alikwenda kushona akala, vile viatu vya matairi, sokoni Kariokor. Mulwa, mwana wa marehemu, anasema: "Mama hakuweza kupita pale bila kununua jozi. Ziko kumi na nne chini ya kitanda. Hakuvaa hata moja. Alipougua aliniuliza, 'Nilipomwambia aketi, nilikuwa namwokoa au namdanganya Mungu?' Ningemwambia nini?"

Tulimpata Nthambi kibandani. Tukamuuliza: leo angesimama tena? Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Dada, usiniulize. Nina mtoto anaingia darasa la kwanza."

Mulwa na jamaa wote, poleni. Mmempoteza mtu aliyemaanisha alichofundisha, na kilichomgharimu tumekisikia. Nasi wengine, tunaowaambia watoto kila asubuhi waseme kweli, tujiulize: wakisimama kuisema, nani atasimama nao? Mimi nina watatu shuleni. Nimejiuliza wiki nzima, na kila asubuhi nimewafunga viatu bila kuwaambia waseme kweli.