Kikombe cha Majaribio

Benchi la nje ya banda la fundi redio hukaliwa tangu asubuhi na watu wanaodai wanapita tu. Siku hiyo fundi mwenyewe, wanayemwita Waya, alikuwa ametumbukiza kihisi joto kwenye kikombe cha kahawa. Kihisi chenyewe kina miguu mitatu, amekivisha mpira kisilowe. Joto likipanda, umeme unaotoka mguu wa kati unapanda, na bodi ndogo iliyo kando inaugeuza kuwa namba. Dada yake, aliyekuja kukiazima, alisimama pembeni, mikono kiunoni. Nyumbani ameacha sufuria ya maziwa ipoe hadi nyuzi arobaini na tatu, ndipo atie mbegu ya mtindi. Juzi alikadiria kwa kidole, akaambulia maji na mabonge. Hoteli anayoiuzia mtindi imemwambia akiharibu tena, wanatafuta mwingine.

— Sitini na moja, — Waya alisoma. — Umeona, dada?

— Mbona sasa hamsini na nane? — aliuliza Spana, fundi baiskeli. — Kidude chako kina pancha.

— Betri mpya hiyo!

— Basi ni nyaya ndefu, — alisema Bunge, mtu asiyekosa la kusema. — Namba zinachoka njiani.

Dada aliinama. Hamsini na tatu.

— Waya, usinitanie. Nimeacha maziwa kule.

— Tulia, dada'angu. Labda upepo.

— Upepo wapi! — Bunge alisema. — Kahawa nyeusi inanyonya umeme. Kwenye maziwa namba itapanda yenyewe.

— Tieni sukari basi, — alisema Spana. — Kipate nguvu.

Wakatia, wakakoroga. Arobaini na tisa.

— Mnaona? Sukari imekizidi!

Dada alikuwa karibu kuondoka mikono mitupu alipofika mteja na pasi yake mbovu. Akawatazama, akatazama kikombe.

— Kwani hiyo kahawa bado ya moto?

Hakuna aliyejua. Waya alikuwa amewakataza kabisa wasiguse kikombe cha majaribio.

Dada alikishika kikombe kwa viganja viwili. Vuguvugu. Kidude kilikuwa kinasema kweli muda wote, na maziwa nyumbani nayo yalikuwa yanapoa bila kumsubiri. Akakichomoa kihisi, akakumbatia bodi na betri, akavuka barabara mbio.

— Ngoja nikifute sukari! — Waya alipiga kelele.

Bunge alitikisa kichwa.

— Asikimbie hivyo. Namba zitamwagika.