Mwalimu Micah Kemboi na Ndama Wake Watoro

Mimi ni Jerop, dada yake mdogo. Nimeambiwa nisome polepole, basi nikikwama mnivumilie.

Marehemu Micah Kemboi alizaliwa tarehe 3 Mei 1914 huko Rongai, ambako baba yetu alichunga ng'ombe wa mzungu. Alikuwa kifungua mimba. Alisoma shule ya misheni kule Njoro, akienda pekupeku, akahitimu ualimu mwaka wa 1936. Mwaka uliofuata alitumwa hapa Subukia, kwenye shule ya shamba, na hakuhama tena.

Tarehe 10 Desemba 1938 alimwoa Chepkemei. Wifi yangu husema aliolewa na watu wawili, Micah na vumbi la chaki.

Kazi yake mnaijua. Alifundisha Kiingereza darasa la nne, lile la mtihani: ukipita unaendelea na masomo, ukianguka unarudi kuchuma pareto. Na Kiingereza, jameni, kina kanuni za kuandika maneno, kisha maneno mengine yanakataa kuzitii. Yeye hakumchapa mtoto kwa hilo. Alisema kanuni ni zizi, na kila zizi lina ndama watoro. Basi kila mtoto alipewa neno moja toro, alichunge kama ndama wake, na wenzake wakikwama wamwendee yeye. Wariara, mfupi kuliko wote, alipewa height, yaani kimo. Akanuna.

"Mwalimu, unanicheka?"

"Nakucheka, ndiyo. Lakini sasa hutalisahau."

Juni mwaka jana alishikwa na uvimbe kooni, na kufikia Agosti sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mtihani ulikuwa Novemba. Mwalimu mwingine hakupatikana. Wazee wa kamati wakataka darasa lifungwe, watoto waende pareto, wajaribu mwaka ujao. Mwaka ujao gani? Mtoto akishazoea kikapu, shuleni harudi. Micah akawaandikia kwenye ubao, "Njooni muone kwanza."

Mzee Owino, mwenyekiti wa kamati, alikuja. Alimkuta ndugu yangu ameketi na fimbo yake, ananyoosha tu. Aliyenyooshewa alisimama, akaandika mtoro wake ubaoni, akawaeleza wenzake mtoro huyo anavunja kanuni gani. Kisha mwingine, na mwingine.

"Sasa hapa mwalimu ni nani?" akauliza Mzee Owino.

Wariara akamjibu, "Mwalimu ni yule. Sisi tunamsaidia sauti tu."

Mzee akakohoa, akaomba kiti. Darasa halikufungwa.

Matokeo yalifika mwezi huu, marehemu akiwa hospitalini Nakuru. Nilimsomea majina kitandani, naye akanifinya mkono kwa kila aliyepita. Kwa Wariara alinifinya mpaka nikapiga kelele. Haki, sijawahi kufurahia maumivu namna ile.

Alifariki tarehe 14 Januari 1959, alfajiri. Tunalia, ndiyo, lakini shukrani zetu zimezidi machozi. Bwana Shantilal, mwenye duka letu hapa, Mungu akubariki kwa chaki ulizotupatia miaka yote bila kudai kitu.

Amemwacha mjane wake, Chepkemei; watoto wao Kipkorir, Chepkosgei na Jepkoech; mimi dada yake; na wanafunzi mnaowaona wamesimama upande ule. Kabla hatujafukia kaburi, kila mmoja atamtajia mwalimu neno lake, herufi kwa herufi. Tafadhali msiwaharakishe.

Kaka, ndama wote wako zizini. Pumzika kwa amani. Lango tutafunga sisi.