Sifuri ya Daraja la Chumvi

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya karakana ya betri halikukalika. Fundi Chaji, mtu wa miaka ishirini na miwili ya kufufua betri za magari, alikuwa amesimama na daftari la bintiye mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. Binti kakosa nafasi darasa la sayansi kwa alama mbili tu, na swali moja la kazi ya nyumbani kapewa sifuri. Tangu jana hatoki chumbani, hasemi na mtu. Kinyozi wa jirani, na mlinzi wa ghala aitwaye Ripoti kwa kuwa hakuna jambo asilokuwa na habari zake, walikuwa wameshika vikombe vya kahawa bila kunywa. Nani anywe mtu akifoka vile?

— Nakwenda shuleni sasa hivi! alisema Fundi. Huyo mwalimu anieleze kafungua betri ngapi maishani mwake!

— Swali lenyewe linasemaje? aliuliza Kinyozi.

— Bilauri mbili. Moja ina zinki, moja ina shaba, zimeungwa kwa waya wenye taa. Katikati kuna karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi, wanaiita daraja la chumvi. Darajani kinapita nini? Umeme! Ukiliondoa, taa inazima. Sasa kama si umeme, kinapita nini, mbuzi?

— Wahenga walishamaliza, alidakia Ripoti. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umeme ukienda kwa waya, utarudi wapi kama si darajani?

— Unaona? Hata Ripoti anajua!

— Hata Ripoti maana yake nini?

— Mimi naona ni chumvi tu, alisema Kinyozi haraka. Inazuia umeme usichache.

— Umeme unachacha?

— Betri ikilala mwezi mzima inakuwaje?

Ripoti alishusha sauti.

— Hamjui kitu nyie. Chumvi ya siku hizi imepunguzwa nguvu kiwandani, makusudi, betri zife tununue nyingine. Na mwalimu yumo.

— Yumo?

— Yumo! Na wenye presha wanakatazwa chumvi kwa nini? Wamejaa umeme. Ndiyo maana wana hasira.

Fundi, ambaye presha anayo, alimkodolea macho mpaka Ripoti akajisogeza mwisho wa benchi.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alisema Fundi. Leo ulimwengu wa yule mwalimu ni mimi!

Mama mmoja aliyekuja kuchukua betri yake alinyoosha mkono, akaomba daftari. Fundi alimpa kama anayemtupia.

— Hapa chini pana wino mwekundu. Umesoma?

— Nimeona sifuri. Inatosha.

Mama akasoma kwa sauti: "Jibu ulilolikata ndilo lililokuwa sahihi." Kisha akasogeza ukurasa karibu na macho, akasoma na yale yaliyokatwa kwa mstari: "Elektroni zinapita kwenye waya. Darajani zinapita ioni: hasi zinakwenda upande wa zinki, chanya upande wa shaba, ili pande zote zibaki sawa. Bila daraja, mwendo unasimama."

Akainua kichwa.

— Alijua huyu mtoto. Sasa alikata kwa nini?

Kinyozi alimtazama Ripoti. Ripoti, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

Fundi alikuwa nazo. Jumapili alisimama nyuma ya kiti cha bintiye, akasoma, akacheka. "Kata upuuzi huo. Kati yangu na wewe nani anajua betri?" Binti akasema, "Lakini baba, mwalimu alituonyesha." Fundi akaigonga meza. Binti akachukua rula akakata, kisha akaandika alichoambiwa, neno kwa neno.

Hasira ilikuwa bado imemjaa Fundi, ila sasa hakuona wa kumfokea. Alilichukua daftari, akaiacha karakana wazi, na njia aliyoshika ilikuwa ya nyumbani.