Kopo Moja, Wiki Ijayo Mawili

Ndugu zangu, mnisamehe nimesimama kutoa ushuhuda bila karatasi. Nikiandika nitajipamba, na leo sitaki kujipamba.

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa begi. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka hapa Butiama nikaenda Buhemba kuchimba dhahabu. Nikachoka, nikaenda Mugango kuvua dagaa. Nikachoka, nikauza mitumba Nyasho. Kila nilikokuwa nilikumbuka nyumbani mpaka machozi yananilenga: harufu ya zizi asubuhi, mama akiwaita kuku wake. Lakini nikirudi, wiki mbili tu, miguu inaniwasha. Nawaambia ukweli: nimepanda mihogo mara tatu katika shamba la mama, na sijawahi kukaa nikaila.

Siku moja mama akaniambia, "Mwanangu, wenzangu wanakulaga nyama kutoka zizi la watoto wao. Mimi ya kwako nitaila lini?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikanunua dume changa la ng'ombe, jekundu, likahasiwa. Nikaahidi mbele ya ukoo wote: Krismasi tunamla huyu.

Miezi mitatu nilimkatia majani vizuri. Kisha rafiki yangu wa ziwani akanipigia: "Kuna nafasi mtumbwini, njoo." Miguu ikaanza! Nikawaza, nimnenepeshe haraka, nimkabidhi kwa mama, niondoke. Nikaenda Bunda, nikarudi na mashudu ya pamba na pumba za mahindi. Jioni ile nikamwekea beseni limejaa, yeye ambaye tangu azaliwe alijua majani tu. Akala mpaka akalamba beseni. Nikajisifu.

Asubuhi nikamkuta ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, anahema, macho yamemtoka. Shemeji yangu akaja mbio.

"Shemeji, umempa nini huyu?"

"Chakula."

"Chakula gani, cha harusi?"

Mnacheka! Mimi niliingia ndani nikachukua begi. Ndiyo, msinitazame hivyo. Niliona aibu ya kumtazama akifa, na aibu kubwa zaidi, ile ya ahadi yangu ya Krismasi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunizuia. Akasema tu, "Pita. Ila kwanza kamshike kichwa, mimi nguvu sina. Ukishamshika, nenda."

Nikaweka begi chini.

Jirani yetu, mama mjane anayewashinda wanaume wa kitongoji kizima kwa ufugaji, alikuja na chupa ya mafuta ya alizeti. "Mpandishe kwenye kichuguu! Miguu ya mbele iwe juu!" Tukamsukuma, tukamvuta. Akamnywesha yale mafuta taratibu kwa pembeni ya mdomo, huku shemeji anamsugua ubavu na mimi nimekumbatia kichwa. Tukangoja. Mikono ilikufa ganzi. Kisha maksai akabeua. Ndugu zangu, kwaya yetu ni nzuri, lakini sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Harufu yake siielezi humu kanisani.

Bwana mifugo alifika baadaye na dawa, na maneno makali niliyostahili. Lakini yaliyonikaa ni ya yule jirani. Alinikazia macho: "Wewe umezoeaga kuhama. Tumbo la ng'ombe halihamagi hivyo, leo majani, kesho pumba. Sasa hivi mpe nyasi kavu tu. Akipona, anza na kopo moja. Wiki ijayo mawili. Na uwepo."

Nikampigia rafiki yangu: "Tafuta mtu mwingine. Mimi nina ng'ombe wa kulisha."

Basi nikakaa. Kopo moja, makopo mawili, manne, asubuhi na jioni. Maksai akaanza kung'aa, mgongo ukawa bapa kama meza. Akisikia hatua zangu anaita. Na mihogo ya mama ikakomaa mbele ya macho yangu!

Krismasi tukamchinja. Siwafichi, niligeuza uso kidogo. Jirani alipewa mguu mzima. Mama alikaa na sahani ya mbavu, mafuta yanamtiririka kidevuni. Alipomaliza akaninyooshea sahani: "Hii imelishwa na mtu aliyekaa. Niongeze."

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani, na shemeji, na bwana mifugo aliyenisema. Namshukuru mama, ambaye hakunikataza kuondoka, alinipa kazi ya kufanya kwanza. Na wewe unayesikia miguu inawasha, sikulaumu. Tafuta kitu kimoja kinachokula kidogo kidogo, ukilishe kwa mkono wako, na kesho uwepo tena.

Zizini sasa yuko mwingine, mweusi, wiki yake ya pili. Leo ni makopo mawili, kwa hiyo ibada ikiisha msinicheleweshe kwa salamu.